Nani Apanguse Kiti cha Watu Wote?

Kila mwezi twajadiliana katika kurasa hizi habari za imani, za elimu, za ndoa na za kilimo, nayo ni mambo makubwa yastahiliyo kusemwa. Mwezi huu twataka kuuliza swali juu ya jambo ambalo watu wengi hulihesabu kuwa dogo, yaani kiti kikaacho nje. Twanena habari za benchi iliyo chini ya mti, kigoda cha mzee uani, meza ya mbao iliyo mbele ya nyumba, na viti vya plastiki ambavyo siku hizi havikosekani katika arusi wala katika msiba, tangu Sirari mpakani hata Mugumu na vijiji vilivyo karibu na mbuga ya Serengeti. Vitu hivi hupigwa na jua na kunyeshewa mvua. Hupata vumbi, kinyesi cha kuku, utomvu wa miti, ukungu na kutu. Je, mwanadamu anao wajibu kwa kitu kama hicho? Na ikiwa wajibu upo, ni wa nani, hasa kitu chenyewe kikiwa cha watu wote?

Labda msomaji mmoja atacheka na kusema, "Mwalimu amekosa la kuandika." Na asubiri kidogo, ayatazame maneno ya lugha yetu wenyewe. Huko pwani, katika mitaa ya Mji Mkongwe wa Unguja, nyumba nyingi zina viti vya mawe vilivyojengwa pamoja na ukuta kwa upande wa nje na kupakwa chokaa. Kiti hicho huitwa baraza. Watu huketi hapo jioni wakizungumza, wakipokea wageni na kusikiliza habari za mji. Na neno hilohilo moja ndilo jina la mkutano wa watu wanaoshauriana: twasema Baraza la Mawaziri, na Baraza la Kata, ambalo liliwekwa kwa sheria ya mwaka 1985. Vivyo hivyo mtu aongozaye kijiji twamwita mwenyekiti, yaani mtu mwenye kiti. Hatukumwita mwenye fimbo, wala mwenye sauti. Basi waliotuachia maneno haya waliona ya kuwa mahali pa kuketi pamoja na shauri la watu ni mambo yasiyoachana.

Hata katika Maandiko twaona vivyo hivyo. Ibrahimu alikuwa ameketi mlangoni pa hema yake wakati wa jua kali alipowaona wale wageni watatu, naye akawasihi wapumzike chini ya mti. Debora aliwaamua Waisraeli akiwa ameketi chini ya mtende. Na kwetu Wakurya mkutano wa hadhara uitwao iritongo hukutana nje, mbele ya macho ya wote, ili neno la usalama wa nchi au la wizi wa ng'ombe lisisemwe gizani. Kwa hiyo tunaposema habari za kiti cha nje, twasema habari za mahali ambapo mgeni hupokewa, mfiwa hufarijiwa, na magomvi hukatwa. Hilo si jambo dogo.

Sasa na tuangalie hoja ya kwanza ya wale wasemao kwamba hakuna wajibu wowote. Husema hivi: "Mbao itaoza tu, chuma kitaliwa na kutu, na Bwana wetu mwenyewe alituonya tusiweke mioyo yetu katika vitu viliwavyo na nondo na kutu. Basi mtu apoteze saa zake za nini kwa kusugua benchi? Afadhali asali, au alime." Hoja hii haifai kudharauliwa, maana imejengwa juu ya neno la kweli. Lakini twaona imechanganya vitu viwili ambavyo ni mbalimbali, yaani hazina na chombo. Hazina ni kitu nilichokiweka mbali na watu wengine, ili kiwe changu peke yangu, na moyo wangu ukae humo. Chombo ni kitu nilichokiweka tayari, ili kazi au upendo upate kupita. Benchi iliyo chini ya mti si hazina. Hakuna mwivi aionayo kuwa utajiri, wala mwenyewe hajivuni nayo. Imewekwa ili mtu aliyechoka akae. Anayeisafisha haweki akiba kwa ajili yake. Anamtengenezea mahali mtu ambaye pengine hajamjua bado.

Tena, kama kuoza kungekuwa sababu ya kutotunza, tungeacha na kuoga, kwa kuwa mwili nao utarudi mavumbini. Tungeacha kuezeka nyumba na kufagia kanisa. Hakuna Mkristo asemaye hivyo. Twautunza mwili kwa kuwa tumepewa kuutumia kwa muda, na yule aliyetupa atauliza tumeutumiaje. Na vitu vya mikono yetu twapewa hivyohivyo. Bwana wetu alijulikana na watu wa mji wake kuwa ni seremala, naye alipowalisha makutano aliamuru vipande vilivyosalia vikusanywe, kisipotee kitu. Aliyeweza kufanya mikate kuwa mingi hakuhitaji makombo. Lakini hakutaka kitu chema kitupwe ovyo kwa sababu kilipatikana kwa wepesi.

Walakini hoja ile yatufaa kwa upande mwingine, maana iko hatari ya pili iliyo kinyume cha ile ya kwanza. Wako watu wapendao viti vyao mno. Huvipanga ndani, huvifunika kwa nailoni miaka na miaka, na mgeni akija huonyeshwa jiwe au gogo, ili kiti kisichafuke. Mtu huyu amekitunza kiti, lakini amekitoa katika kazi yake. Kiti kimekuwa hazina, wala si chombo tena. Basi twaweza kusema kipimo ni hiki: utunzaji ulio mwema ni ule unaokifanya kitu kiwe tayari kutumiwa. Mvivu huharibu kiti kwa kukiacha. Mchoyo hukiharibu kwa kukificha. Wote wawili wamemnyima jirani mahali pa kukaa.

Lakini wajibu bila maarifa ni mzigo usio na faida, maana mtu aweza kusugua sana na kuharibu zaidi. Kwa hiyo, kabla hatujauliza wajibu ni wa nani, yafaa tujue vitu hivi vyaharibikaje.

Mbao haiozi kwa sababu ya uzee tu. Huozwa na kuvu, na kuvu huhitaji maji. Mbao ambayo maji yake hayafiki sehemu 20 kwa kila 100 za uzito wake mkavu, kuvu haiwezi kuila. Maji nayo huingia upesi zaidi katika ncha zilizokatwa, na ndiyo sababu benchi huanza kuharibika miguuni, pale inapogusa udongo, wakati kiti chenyewe bado ni kizima. Hapohapo miguuni ndipo mchwa hupandia. Jua nalo hula uso wa mbao, ukawa wa kijivu na wenye nyuzinyuzi. Huko si kuoza bado, ila ni mlango unaofunguka. Milima ya Tarime hupata mvua nyingi kuliko nyanda za Serengeti, basi huko juu adui mkubwa ni unyevu na ukungu; huku chini jua kali na mchwa huongezeka. Lakini dawa ya kwanza ni moja pande zote: kiinue kitu kutoka udongoni. Jiwe bapa au tofali chini ya kila mguu lazuia maji na mchwa kuliko rangi nyingi za dukani.

Mbao isafishwe kwa maji, sabuni kidogo na brashi isiyo kali, ikifuata njia ya nyuzi. Kisha isuuzwe na kukauka kivulini penye upepo, maana ikianikwa katika jua kali mara tu ikiwa imelowa, hupasuka. Ikiwa uso umeota nyuzi, upigwe msasa kwa kufuata nyuzi, ndipo upakwe rangi, au vanishi, au mafuta ya mbegu za kitani. Vanishi ikianza kubanduka yapasa ikwanguliwe kwanza. Kupaka mpya juu ya ile iliyobanduka ni kufungia maji ndani. Na mwenye kutumia mafuta ya kitani asikunje matambara yaliyolowa mafuta hayo akayatupa pembeni, kwa maana huweza kupata moto yenyewe na kuwaka. Ayatandaze nje yakauke, au ayaloweke majini. Wako watu wapakao oili chafu ya magari katika benchi ili kufukuza mchwa. Mafuta hayo huchafua nguo na udongo, wala si salama kwa ngozi ya mtu. Hayafai kwa kitu cha kukalia.

Chuma hupata kutu pale maji na hewa vinapokifikia, na kutu haikikingi chuma kilicho chini yake, bali humomonyoka na kufungua njia zaidi. Basi mkwaruzo mdogo katika rangi usidharauliwe. Kwangua kutu kwa brashi ya waya au msasa mpaka chuma king'ae, kausha kabisa, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, nasi twaweza kuongeza kwamba asiyepaka mguu wa kiti atanunua kiti.

Kiti cha plastiki hakiozi wala hakipati kutu, na kwa hiyo watu hudhani hakihitaji kutunzwa. Sivyo. Mwanga wa jua, ile sehemu yake isiyoonekana kwa macho, huvunja plastiki kidogo kidogo. Weupe wake hugeuka kuwa kama unga wa chaki, kisha huwa kikavu, na siku moja mguu hukatika chini ya mtu bila onyo. Dawa yake ni kivuli: viti vikimaliza kazi vipangwe ndani ya ghala au chini ya mti, visiachwe uwanjani. Vioshwe kwa sabuni na kitambaa. Kuvisugua kwa mchanga au majivu, kama tusuguavyo sufuria, huvikwaruza, na mikwaruzo hushika uchafu zaidi kuliko kwanza. Na mwenye kutumia dawa ya kloraini kuondoa ukungu asiichanganye kamwe na siki, wala na dawa nyingine ya kusafishia choo, kwa kuwa mchanganyiko huo waweza kutoa mvuke wa sumu.

Hayo ndiyo maarifa, na kila mmoja aona kwamba si magumu. Mtoto wa darasa la nne aweza kuyatenda. Sasa twarudi katika swali lililo gumu: nani ayatende?

Kiti cha mtu mmoja hakina ugomvi. Mwenyewe atakitunza, au atakaa chini. Lakini tazameni viti vya kikundi cha kufa na kuzikana, au viti vya kanisa viazimwavyo kwa misiba na arusi. Watu wamechanga fedha kwa taabu, wakanunua viti, wakafurahi. Baada ya miezi michache viti vina tope lililokaukia miguuni, vingine vimepasuka, vingine vimelala juani nyuma ya nyumba ya mtu. Ukiuliza, kila mmoja atakujibu kwa ukweli kabisa, "Mimi nilikalia kimoja tu, tena mara moja." Naye hasemi uongo. Uharibifu wa vitu vya wote hauna mtenda mmoja. Kila mtu ameharibu kidogo kiasi kwamba dhamiri yake haimwumi.

Twasikia majibu matatu juu ya jambo hili, nasi tutayapima moja moja.

Jibu la kwanza husema: mlinzi wa viti ndiye avisafishe, maana amechaguliwa. Jibu hili lina nafuu yake, kwa kuwa kazi isiyo na jina la mtu haifanyiki. Lakini mlinzi amechaguliwa ili ahesabu, aandike na kufunga mlango. Watu 100 wakikalia viti 100, kisha mtu mmoja akaachiwa tope la watu 100, hapo hatukumpa kazi ya ulinzi, tumemfanya mtumwa wetu. Mwaka ukifuata hapatikani mtu wa kukubali kazi hiyo, nasi twamlaumu kwa uvivu.

Jibu la pili husema: aliyeazima arudishe vikiwa safi. Hili husikika kuwa la haki kabisa, na katika arusi ni la haki, kwa maana mwenye arusi ndiye aliyewaita watu, naye alijipanga kwa furaha yake. Lakini katika msiba jibu hili hugeuka kuwa ukatili. Tuliona katika kijiji kimoja, siku iliyofuata mazishi, mama mjane na binti zake wawili kisimani wakiosha viti. Waombolezaji walikuwa wamekwenda zao tangu jana yake jioni, kila mmoja akiwa amemwambia mama yule maneno mema ya faraja. Walikuja kumsaidia kubeba mzigo, na walipoondoka walikuwa wamemwongezea mwingine. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kanuni ilikuwa imeandikwa katika daftari la kikundi, nayo ilifuatwa. Hapo twajifunza kwamba kanuni iliyo sawa kwa watu wote yaweza kumwangukia vibaya yule aliye dhaifu siku hiyo.

Jibu la tatu halisemwi kwa maneno, bali hutendwa: hiyo ni kazi ya wasichana na akina mama. Nalo twataka kulitazama kwa makini, kwa maana ndilo lenye nguvu kupita yote. Katika nyumba nyingi za kwetu kigoda kimekuwa heshima ya mwanamume mzee, na binti huketi chini au husimama akingoja kutumwa. Binti yuleyule ndiye akipangusaye kigoda asubuhi, akitoaye nje, na akirudishaye mvua ikianza. Kwa hiyo yule asiyekikalia kamwe ndiye akitunzaye siku zote. Hatusemi haya ili kuvunja heshima ya wazee. Kumpisha mzee kiti ni jambo jema, na kijana akimpangusia babu yake kiti, moyo wake hujifunza adabu. Lakini heshima ni zawadi ya mtu aliye na kitu cha kutoa. Tukimlazimisha mtu kutunza kile ambacho tumemkataza kukitumia, hatumfundishi heshima, twamfundisha ya kuwa yeye si wa baraza. Mtume Yakobo aliwakemea Wakristo wa kwanza waliompa tajiri mahali pazuri, na maskini wakamwambia akae chini karibu na miguu yao. Twadhani angeuliza pia ni nani aliyepafagia mahali pale pazuri.

Basi jibu letu ni hili: kiti cha watu wote kipanguswe na yule aliyekikalia. Kila mtu ainukapo abebe kiti chake mpaka penye maji, akipanguse, akiweke juu ya vingine kivulini, kisha ndipo aage. Mzee asiyeweza, kijana aliyeketi karibu naye ambebee pamoja na chake; hiyo ndiyo heshima ya kweli. Wafiwa peke yao wasiguse kiti siku hiyo. Kazi ambayo yamchosha mjane kutwa nzima, watu 100 huimaliza kabla chai haijapoa.

Lakini mtu aweza kuuliza, "Nikipangusa changu, na wengine 99 wakaondoka, si nitakuwa mjinga?" Swali hili ni la haki, na walimu wengi wa maadili wamelisumbukia. Sisi twajibu kwa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza: wajibu wako haupungui kwa sababu jirani ameukataa wake. Anayelipa deni lake si mjinga kwa kuwa wengine hawakulipa; amelipa deni, basi. Wewe ulikikalia kiti kimoja, na deni lako ni kiti kimoja. Sehemu ya pili: hata hivyo haifai tuitegemee dhamiri peke yake, kama vile mkulima asivyoitegemea mvua bila kutengeneza mfereji. Moyo mwema bila mpango huchoka. Kwa hiyo kikundi kikubaliane mbele ya wote, kiandike, na mmoja asimame mwisho wa mkutano atangaze kwa sauti, kama tutangazavyo sadaka. Mpango bila moyo nao huwa faini na malalamiko. Vyote viwili vyatakiwa.

Wengine watasema, "Sisi ni maskini, hatuna fedha za rangi." Twajua. Lakini mtazame kwamba sehemu kubwa ya tuliyoyasema haihitaji fedha: maji, kipande cha sabuni, kivuli, jiwe chini ya mguu, na msumari uliokazwa kabla haujatoka. Tena uzembe humgharimu maskini kuliko tajiri. Tajiri hununua kingine. Maskini hukata mti. Mvule au mninga wa kutoa mbao nzuri hukua kwa miaka mingi sana, kupita maisha ya kazi ya fundi mmoja. Hata mikaratusi na migrevilea tuliyoipanda wenyewe hutaka miaka kadhaa. Benchi iliyoachwa ioze katika muda mfupi yamaanisha ya kuwa tumekula mti upesi kuliko unavyoota. Watoto wetu ndio watakaokosa.

Liko neno moja zaidi, na twalisema kwa masikitiko. Mwaka 2016 nchi yetu yote iliitika mwito wa serikali wa kumaliza uhaba wa madawati mashuleni. Watu walichanga, mafundi walifanya kazi usiku na mchana, na madawati yalikabidhiwa kwa sherehe. Lilikuwa jambo jema sana. Lakini tembea leo nyuma ya madarasa ya shule nyingi, utaona madawati yaliyovunjika mguu mmoja tu, yamerundikwa nje, mvua inayanyeshea, na chuma kinaliwa. Kila moja lingeweza kupona kwa msumari na ubao mmoja. Kwa nini hayaponi? Kwa sababu kutoa kitu kipya kuna makofi, na kutengeneza cha zamani hakuna. Hakuna mgeni rasmi ajaye kukaza msumari. Hakuna picha ya mtu apangusaye benchi. Hapo ndipo moyo wa Mkristo unapojaribiwa, kwa maana Bwana wetu alisifu wema utendwao kwa siri, ule ambao Baba peke yake huuona. Kama twataka kujua kama sadaka yetu ilikuwa ya upendo au ya makofi, na tuitazame miaka mitatu baadaye, imekaa wapi.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa Tarime na wa Serengeti, mvua za masika hazijaanza, twendeni tukavitazame vitu vyetu vya nje. Tupindue benchi tuone miguu yake. Tukaze kilicholegea, tukwangue kutu, tuweke mawe chini. Vya kikundi tuvihesabu, na katika mkutano ujao tuulize wazi ni nani avioshaye, na kama yeye naye hupata kuvikalia. Wazee wakiwa wa kwanza kubeba viti vyao, hakuna kijana atakayeona haya kubeba chake. Nasi walimu tuwaonyeshe watoto kwa mikono yetu, si kwa ubao na chaki tu. Na siku ya msiba utakapokwisha, kabla ya kumshika mjane mkono na kumwambia Mungu amfariji, kila mmoja wetu na ageuke nyuma akitazame kiti alichoinuka.